Kompyuta Iliyomuuma Akinyi

Pawasaplai za kompyuta za zamani, yaani vile visanduku vinavyoipa mashine umeme, zilikuwa nzito kama tofali, na mgongoni zilikuwa na swichi ndogo nyekundu yenye nambari mbili. Wengi wenu mlioingia kazini juzi hamjaiona. Upande mmoja ni wa umeme wa nchi nyingine, upande wa pili ni wa umeme wetu. Mashine nyingi zilifika Kericho zikiwa bado zimewekwa upande wa huko zilikotoka, na mtu aliyechomeka bila kuangalia alisikia mlio mmoja kama wa bisi ikipasuka, kisha kimya. Nimeusikia mlio huo mara nyingi, kwa kawaida nikiwa ndiyo kwanza naingia mlangoni na mkoba wangu. Ndiyo maana kila aliyepita mikononi mwangu nilimfundisha kugeuza mashine na kusoma mgongo wake kabla hata ya kumsalimia mwenye ofisi. Salamu zinaweza kungoja.

Nimestaafu mapema kidogo kuliko nilivyokusudia, kwa sababu vipuri vya siku hizi vimekuwa vidogo kuliko macho yangu. Mliniomba niandike niliyoyaona. Vyeo sitaviandika, maana nilikuwa na kimoja tu, fundi, na nilijipa mwenyewe. Nitaeleza nilivyoanza, halafu nitaeleza kazi moja ya katikati ya miaka ya tisini, katika kiwanda cha chai kilicho kwenye barabara ya kuelekea Bomet. Kazi yenyewe ilikuwa ya kubadilisha pawasaplai. Mtu mwenye mkono mwepesi anaimaliza kabla chai yake haijapoa. Mimi ilinichukua mchana mzima, na nilitoka pale nikiwa nimechoka kuliko mtu aliyelima.

Nilianzia Kapsoit, kwenye kibanda cha kutengeneza redio. Shule ilikuwa imenishinda, si kwa akili, kwa karo. Kibanda kilikuwa cha Mzee Koech, fundi wa umeme wa kile kiwanda cha chai nilichokitaja, ambaye siku asizokuwa kazini alitengeneza redio za majirani. Alinipa bisibisi moja, chuma cha kuchomea risasi, na mita ya sindano ambayo kioo chake kilikuwa kimepasuka. Hakunieleza nadharia yoyote. Alifungua redio, akanionyesha njia ambayo umeme unaingilia na njia unayotokea, akasema kila hitilafu iko mahali fulani kati ya hapo na hapo. Mengine niliyasoma mwenyewe katika vitabu vya mitumba nilivyonunua Kericho mjini, nikiwa na kamusi ya Kiingereza pembeni. Vitabu vilipohitilafiana na Mzee Koech, nilipima kwa mita. Mara nyingi vitabu ndivyo vilivyokuwa sawa, lakini nakiri kwamba mara nyingi zaidi redio iliimba kwa njia yake yeye.

Alikuwa na sheria moja iliyotoka kiwandani: kazi haisimami. Anayekaa maeneo ya chai anaielewa. Majani mabichi yakishachumwa hayangoji mtu. Yakirundikana yanapata joto, yanageuka rangi, na chai inayotoka hapo haifai. Kwa hiyo fundi mzuri wa kiwanda alihesabiwa kuwa yule ambaye mashine zake hazikuzima. Hakuna aliyeuliza alifanyaje.

Hapo inaingia karatasi ya fedha. Siku zile chai ilisafirishwa katika masanduku ya mbao nyembamba, na ndani kila sanduku lilitandikwa karatasi ya fedha ili unyevu usiingie. Sanduku likivunjika, karatasi ilienda kila mahali. Akina mama walifunikia sufuria, makanisa yalipambia mti wa Krismasi, na mafundi, fyuzi ilipoungua na nyingine haipo, waliviringisha ile iliyokufa kwa karatasi hiyo na kuirudisha mahali pake. Umeme unapita kama kawaida. Kinachokosekana ni kitu kimoja tu: siku ya hatari, fyuzi hiyo haikati. Kuanzia Kapsoit hadi Siongiroi sijui nyumba ambayo haikuwa na fyuzi ya namna hiyo. Nimezitoa kwenye plagi za makanisa, za baa, na za ofisi ya chifu mmoja aliyekuwa akihutubia watu kuhusu usalama.

Nilipotoka Kapsoit na kuanza kutengeneza kompyuta mjini, Mzee Koech alifurahi, ingawa alisema kompyuta ni redio isiyoimba. Tulibaki tukitembeleana.

Sasa kazi yenyewe. Simu ilikuja karakanani asubuhi: kompyuta ya ofisi ya majani imetoa moshi. Ofisi ya majani ndiyo inayopokea uzito wa kila lori la majani mabichi. Kompyuta yao ilikuwa mashine ya zamani hata kwa wakati ule, kubwa, rangi ya maziwa yaliyochacha. Nilikuwa na pawasaplai moja tu ya aina hiyo, niliyoitoa kwenye mashine iliyotupwa na ofisi nyingine. Nikiharibu hiyo, nyingine iko Nairobi, kama ipo.

Meneja alinipokea mlangoni. Hakuwa mtu wa kupaza sauti, na siku ile pia hakupaza. Alinieleza kwamba karani wa ofisi ile, mama anayeitwa Akinyi, alikutwa na koili ya kuchemshia maji ofisini, kitu kilichokatazwa. Aliamini koili hiyo ndiyo iliyovuta umeme mwingi ikaunguza kompyuta. Koili yenyewe alikuwa ameiweka juu ya meza, katikati, kama kitu cha mahakamani. Akasema nikishabadilisha kifaa nitamwambia, mbele ya watu, kilichokiunguza. Kama ni koili, Akinyi atakuwa amemaliza kazi Ijumaa, na nyumba ya kampuni atairudisha.

Nilimwambia kazi yangu ni kutengeneza.

"Kutengeneza na kusema sababu," alinijibu. "Mimi si fundi. Ukisema ni koili, ni koili. Ukisema ni kitu kingine, nionyeshe kitu hicho."

Akaenda kwenye mizani, na mimi nikaingia ofisini nikiwa nimebebeshwa mzigo ambao haukuwa kwenye mkoba wangu.

Akinyi alikuwa amesimama karibu na kabati, mikono imefungwa. Nilimjua kwa sura. Wazazi wake walikuja kutoka upande wa ziwa kuchuma chai kabla hajazaliwa. Baba alikuwa amefariki, na sasa yeye ndiye aliyekuwa akimlea mama yake na watoto wake katika nyumba ileile ya laini, zile nyumba za kampuni zilizopangwa safu. Kwa wafanyakazi, kazi na nyumba vilikuwa kitu kimoja: ukipoteza kimoja umepoteza vyote. Tena ilikuwa miaka ambayo watu waliotoka ziwani walikuwa wakiulizwa kwao ni wapi, hata na watu waliokuwa wamekula nao sahani moja.

Dirishani alikuwa amesimama Mzee Koech. Aliambiwa awepo ili anizimie na kuniwashia umeme wa ofisi. Tulisalimiana kama kawaida, akaniuliza habari za nyumbani, kisha akanyamaza. Alikuwa mtu wa maneno machache, kwa hiyo sikufikiria kitu.

Nilifungua kifuniko cha kompyuta. Harufu ya kuungua ilikuwa imejaa mle ndani, na feni ya pawasaplai ilikuwa imezibwa kabisa na manyoya ya chai, lile vumbi jepesi la kahawia linaloruka kiwandani na kuingia hadi kwenye mikate ya watu. Feni ikizibwa, joto halina pa kutokea, na kipuri kimoja ndani kitakufa siku moja. Hilo ni la kawaida. Kipuri kikifa, fyuzi inakata, mashine inazima kimya kimya, unabadilisha, unaenda nyumbani. Moshi ndio haukuwa wa kawaida. Moshi maana yake ni kwamba kitu kilichopaswa kukata hakikukata.

Nikiwa nainamia mle ndani, Akinyi alisema, "Bwana fundi, hiyo mashine ilikuwa inaniuma."

Nilimuuliza inauma vipi. Alisema akigusa bati lake vidole vinawashwa hadi kwenye kiwiko, na siku za mvua, viatu vikiwa na maji, ilimpiga hadi akaangusha kalamu. Aliwaambia wenzake wakacheka. Mmoja alimwambia mashine inajua mgeni. Mwisho alitafuta ubao wa sanduku la chai akauweka chini ya meza, akawa anakaa miguu juu ya ubao, na hapo ikapunguza. Ubao ulikuwa pale. Ulikuwa umeanza kulika mahali visigino vyake vilipokuwa vikikaa. Nilitazama ubao ule kwa muda. Mtu ambaye hajasoma kitabu hata kimoja cha umeme alikuwa ameokoa maisha yake kwa mbao, na wenzake walikuwa wakimcheka.

"Ilianza lini?" nilimuuliza.

"Siku ile ilizima yenyewe, ikazima na taa. Mzee akaja akaiwasha." Alimwonyesha Mzee Koech kwa kidevu, bila ubaya wowote. "Tangu hapo."

Sikuinua uso. Nilifungua plagi ya ukutani kwanza. Fyuzi ilikuwa imeviringishwa karatasi ya fedha.

Kisha nikaitoa pawasaplai, nikaiweka mezani. Msifungue kifaa hiki kwa haraka. Kuna kapasita mbili kubwa ndani ambazo hubaki na umeme hata baada ya plagi kutolewa, na zimewahi kumtupa mtu ninayemfahamu hadi kwenye ndoo ya takataka. Nilizipunguza nguvu kwa kipingamizi, nikapima, nikapima tena.

Fyuzi ya ndani, ya kioo, nayo ilikuwa imevishwa karatasi ya fedha. Na waya wa kijani, ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja ili usipite mwilini mwa mtu, ulikuwa umefunguliwa kwenye skrubu yake. Haukukatika wala haukulegea wenyewe. Ulikuwa umefunguliwa, ncha yake ikafungwa tepu nyeusi kwa ustadi, na mwisho wa tepu ukakunjwa ukaacha ulimi mdogo wa kuvutia. Mbali na mimi na aliyenifundisha, sijaona fundi aliyefunga tepu hivyo. Mafundi wengi huiviringisha na kuibonyeza. Ulimi ule ni wa Kapsoit. Nilifundishwa kuuacha ili fundi atakayekuja baada yangu asihangaike kwa kucha.

Fundi aliyekuja baada yake alikuwa mimi.

Niliinua uso. Mzee Koech alikuwa ameshajua nilichokiona. Alisogea mezani, akaongea nami kwa Kipsigis, polepole, kama anazungumzia hali ya hewa.

"Weri," alisema. Ndivyo alivyoniita tangu kibandani, maana yake kijana. "Wewe badilisha, funga, nyamaza. Usiseme uongo. Nyamaza tu. Meneja ameshaamini koili. Mimi nimebakisha kidogo nistaafu, na nikitolewa sasa natoka mikono mitupu. Huyu ana watu wake ziwani. Atarudi kwao."

Sikupata nafasi ya kujibu. Akinyi alijibu, kutoka kwenye kabati, kwa Kipsigis safi kuliko changu.

"Mzee, kwetu ni hapo laini, nyumba ya tatu kutoka bombani. Ulikuja wewe mwenyewe kutuwekea taa, nikiwa mtoto wa shule. Mama alikupa uji. Huko ziwani sina hata jiwe la kukalia."

Hakuna kati yetu wawili aliyekuwa amefikiri kwamba anaelewa. Alikuwa amezaliwa pale, amecheza na watoto wetu, ameenda shule na watoto wetu, na bado tulikuwa tumezungumza mbele yake kama watu wanavyozungumza mbele ya kiti. Mzee Koech alirudi dirishani. Nje wingu lilikuwa limeshuka, na mvua ya mawe ilianza kupiga mabati kwa kelele ambayo ingetosha kumwokoa mtu asiyejua la kusema.

Kelele ilipopungua nilimwambia, kwa Kiswahili ili sote watatu tuwe ndani ya maneno hayo, "Mzee, meneja ataniuliza, na nitajibu nilichokiona."

Nilimpenda yule mzee. Mkate wangu wote niliokula nimeula kwa kazi aliyonipa. Nilitafuta njia ya tatu na sikuiona. Ningeweza kusema mashine imezeeka, lakini meneja hakuwa ameacha nafasi ya jibu hilo. Alitaka kuonyeshwa kitu, na nilichokuwa nacho mezani, fyuzi na waya, kilikuwa kazi ya mkono wa mtu mmoja.

Basi nilifanya kazi, kwa sababu mikono ikiwa na kazi moyo unapata mahali pa kusimama. Nilisoma mgongo wa pawasaplai yangu, swichi nyekundu, upande wetu. Nilisafisha manyoya ya chai kwa brashi. Nilifunga skrubu nne, kisha nikafika kwenye sehemu ya hatari. Pawasaplai hizo zilipeleka umeme kwenye bodi kuu kwa plagi mbili zinazofanana, zinazokaa sambamba, na hakuna kinachokuzuia kuzibadilisha. Ukizibadilisha, bodi inaungua mara moja na haifufuki. Kanuni ni kwamba nyaya nyeusi za plagi zote mbili zikutane katikati. Nilizichomeka, nikazitoa, nikazitazama, nikazichomeka tena. Siku nyingine nisingezitoa. Lakini siku ile, bodi ikiungua, nani angeamini neno langu kuhusu koili?

Waya wa kijani niliufunga kwa skrubu yake, nikakaza. Kwenye plagi niliweka fyuzi halisi kutoka mkobani.

Meneja alirudi, koti linachuruzika. Malori yalikuwa yamepanga foleni hadi barabarani, majani yanapata joto, na alitaka kujua imefika wapi. Nilisema tunajaribu. Nilimwomba Mzee Koech awashe umeme wa ofisi. Aliwasha. Nilibonyeza swichi ya kompyuta.

Feni ilizunguka, diski ikaanza kunguruma, na mara chumba kizima kikazima, taa na vyote.

Meneja alimtazama Akinyi, kana kwamba hata kusimama kwake karibu na kabati kulikuwa na makosa. Niliomba tujaribu tena. Ilizima tena, palepale. Ilikuwa ile swichi ya ukutani inayokata umeme wote ukivuja kwenda ardhini. Nilipima mashine yangu, nikapima tena. Ilikuwa nzima.

Nilimweleza meneja kwa maneno machache. Kila kompyuta huachia umeme kidogo sana kupitia waya wa kijani, na swichi inauvumilia. Lakini kama kuna kitu kingine kinavuja kwenye njia hiyohiyo ya umeme, viwili vinajumlishwa, na swichi inakata. Kwa hiyo kuna kitu kingine kinachovuja, si kwenye kompyuta, na lazima kitafutwe.

Alitazama saa yake, akatazama dirishani kwenye foleni ya malori. "Huo waya wa kijani, ukiutoa, mashine itawaka?"

"Itawaka," nilisema. "Lakini..."

"Basi utoe. Malori yako nje. Hiyo kuvuja mtatafuta siku nyingine."

Nilikuwa bado natafuta namna ya kumkatalia mtu anayenilipa, Mzee Koech aliposema kutoka dirishani, "Bwana meneja, hivyo ndivyo uliniambia siku ile."

Meneja aligeuka. "Siku gani?"

"Siku ilizima mara ya kwanza. Nilikuambia kuna mahali panavuja. Ukaniambia malori yako nje, tutatafuta siku nyingine. Nikautoa waya. Fyuzi nikazivika karatasi ya chai ili isisimame tena, kwa sababu wewe ulitaka isisimame." Alikuja hadi mezani, akachukua ile fyuzi ya kioo iliyovikwa fedha, akaiweka kando ya koili. "Mkono ni wangu. Maneno ni yako. Huyu mama mashine ilimuuma kutoka siku hiyo, na sisi tunacheka. Ni mimi na wewe. Koili yake haikufanya kitu."

Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mara moja, wala kabla wala baada. Meneja alinitazama mimi. Nilisema ndivyo nilivyoona, na kwamba moshi ulitokana na fyuzi zisizokata, na koili haingeweza kufanya hivyo hata ikichemsha maji siku nzima. Nilisema pia kwamba waya wa kijani sitautoa, na kama anataka utolewe atafute fundi mwingine, asubuhi, kutoka Nairobi.

Meneja aligeukia dirisha. Nadhani alikuwa akihesabu malori. Labda alikuwa akihesabu kitu kingine, sijui, sikuwahi kumuuliza. Mwisho akasema, "Tafuteni basi. Haraka."

Tulitafuta mimi na Mzee. Mara tulipoanza hatukuwa tena na la kusemana. Alishika mita, mimi nikatenganisha nyaya, kama kibandani. Chumba hadi chumba, soketi hadi soketi, hadi tukafika kwenye taa ya nje iliyo juu ya jukwaa la mizani. Mzee alipanda ngazi mvua ikiwa bado inanyesha, akataka nisipande mimi. Akaifungua. Glasi yake ilikuwa imejaa maji kama kikombe, na nyaya zilikuwa zinaogelea. Aliyamwaga, akatenga nyaya, akashuka shati limeganda mgongoni.

Tuliwasha. Taa zilikaa. Niliwasha kompyuta, feni ikazunguka, diski ikanguruma, maandishi ya kijani yakaanza kupanda kwenye skrini, mstari kwa mstari. Taa bado zilikaa. Niligusa bati kwa kiganja, halafu nikapima kwa mita ili kiganja kisije kikanidanganya. Hakuna kitu.

Meneja alichukua koili mezani, akaitazama, akaifungia kabatini. Hakusema samahani. Alisema tu, kwa sauti yake ileile ya chini, kwamba mambo ya Ijumaa hayapo tena, na suala la fyuzi atalizungumza na Mzee wakiwa wawili. Kisha akamvutia Akinyi kiti.

"Haya, Akinyi, kaa. Malori yanangoja."

Akinyi hakukaa. Alisogea hadi mezani, akasimama upande wa pili wa mashine, akimtazama meneja usoni. Viatu vya meneja vilikuwa vimelowa hadi kwenye kamba.

"Shika wewe kwanza, bwana meneja," alisema.

Nje lori moja lilipiga honi. Meneja alinitazama, na mimi nikawa nakunja waya wa mita yangu. Alimtazama Mzee Koech, ambaye alikuwa akikamua maji kutoka kwenye mkono wa shati. Hakuna aliyemsaidia. Aliukausha mkono wake kwenye suruali, taratibu, pande zote mbili, akaunyosha. Kisha akauweka, kiganja kizima, juu ya bati.

Hakikutokea kitu. Alipumua, akaanza kuuondoa.

"Wacha mkono ukae hapo kidogo," Akinyi akamwambia. "Mimi nilikuwa naweka siku nzima."